Maswali ya wasomaji: Kama kila tendo lina chanzo chake, nani alaumiwe?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu hiari ya binadamu: kama tuko huru kweli tunapotenda, na kama hatuko huru, lawama na adhabu zinasimama juu ya nini. Tumechagua tano.

Ndugu Mhariri, nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wameona video inayodai sayansi imethibitisha kwamba ubongo huamua kabla mtu mwenyewe hajajua, kwa hiyo hakuna hiari na hakuna wa kulaumiwa. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Dodoma*

Mwalimu, anza kwa kuwaeleza jaribio lenyewe lilifanywaje, kwa sababu udhaifu wa hoja uko humo humo. Mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na wenzake walilifanya San Francisco na kulichapisha mwaka 1983. Mshiriki hukaa mbele ya saa ya duara ambayo nukta ya mwanga huizunguka kwa sekunde 2.56. Anaambiwa akunje kifundo cha mkono wakati wowote atakapojisikia, kisha aseme nukta ilikuwa wapi pale alipohisi kwa mara ya kwanza hamu ya kukunja. Kichwani amebandikwa vinasa umeme wa ubongo, na mkononi kuna kingine cha kunasa msuli unapoanza kukaza. Anarudia mara 40. Rekodi zote hujumlishwa na kutafutiwa wastani, maana wimbi la safari moja ni dogo mno, limezama ndani ya kelele za ubongo. Wimbi la maandalizi lilionekana kuanza kupanda milisekunde 550 hivi kabla ya msuli. Hamu ilihisiwa kama 200 kabla. Pengo hilo la milisekunde 350 ndilo linalovumishwa kwenye video.

Tatizo la kwanza liko kwenye huo wastani. Watafiti huanzia pale mkono uliposogea, wakarudi nyuma. Nyakati ambazo wimbi lilipanda na mkono ukatulia hazimo kabisa kwenye hesabu. Mwaka 2012 Aaron Schurger, Jacobo Sitt na Stanislas Dehaene walionyesha kwamba umeme wa ubongo hupanda na kushuka wenyewe bila mpango. Ukichukua vile vipande tu vilivyoishia kuvuka kizingiti cha kutenda, ukavipatia wastani, unapata mlima ule ule alioupata Libet. Kwa hiyo mlima huo unaweza usiwe uamuzi uliokwisha kufanyika. Tatizo la pili: wakati wa hamu unategemea kauli ya mtu aliyekuwa akiitazama nukta inayokimbia, na kauli ya namna hiyo hukosea kwa urahisi.

La tatu ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Mkono unaokunjwa bila sababu yoyote si aina ya tendo tunalolaumiana kwalo. Mhasibu anayeghushi stakabadhi hupima faida na hatari kwa siku kadhaa, hutafuta muhuri, huchagua siku ambayo mkaguzi hayupo. Huyo Libet hakumpima. Hata jaribio la Ujerumani la mwaka 2008, la John-Dylan Haynes na wenzake, ambalo mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, ilibashiri kitufe cha kushoto au cha kulia sekunde kadhaa kabla, lilipata usahihi wa kama asilimia 60, na mtu anayebahatisha tu hupata 50. Waambie pia kwamba Libet mwenyewe hakuikana hiari. Aliamini mtu hubaki na nafasi ya kuizuia hamu kabla haijawa tendo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Sayansi ya ubongo siijali sana. Shida yangu ni hii: kama yote yamefuata kanuni za maumbile tangu mwanzo wa ulimwengu, basi sikuweza kufanya vingine. Na asiyeweza kufanya vingine halaumiwi. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Eldoret*

Umeunganisha hoja mbili, na kila moja ina wakosoaji wake. Ya kwanza mwanafalsafa Peter van Inwagen aliipanga kwa ukali mwaka 1983. Yaliyotokea kabla hujazaliwa hayako mikononi mwako. Kanuni za maumbile nazo haziko mikononi mwako. Tendo lako la leo ni tokeo la lazima la hayo mawili. Basi tendo lako haliko mikononi mwako. Wanaoipinga hushika kiungo cha mwisho: je, kila kinachotokana na nisivyovimudu ni lazima nacho nisikimudu? Chanzo cha tendo hupita ndani ya fikra zangu, si kando yake. Ningekuwa na sababu nyingine, ningetenda vingine.

Hoja ya pili, kwamba lawama inahitaji njia mbadala, mwanafalsafa Harry Frankfurt aliishambulia mwaka 1969. Mfano wetu ni huu. Juma amekusudia kumsingizia mwenzake wizi. Bila yeye kujua, kuna mtu aliyemwekea kifaa kichwani: Juma akionyesha dalili ya kughairi, kifaa kitamlazimisha aseme uongo ule ule. Juma haghairi. Anasema uongo kwa chuki yake mwenyewe, na kifaa hakiguswi. Hakuweza kufanya vingine, lakini nani atamwondolea lawama?

Mfano huu una ufa, nao ni vizuri uujue kabla hujautumia kwenye mtihani. Dalili ya kughairi inatokea kabla ya uamuzi. Kama dalili hiyo inaufunga uamuzi kabisa, tumeshachukulia kuwa kila kitu kimelazimishwa, jambo ambalo ndilo lilikuwa linabishaniwa. Kama haiufungi, Juma bado angeweza kughairi dakika ya mwisho. Robert Kane na David Widerker waliisukuma hoja hii, na wafuasi wa Frankfurt wamekuwa wakiunda mifano mipya tangu hapo.

Usikimbilie fizikia ya chembe ndogo, ambamo inasemwa baadhi ya mambo hutokea kwa bahati tu, kutafuta nafuu. Tendo likitokea kwa bahati nasibu haliwi langu zaidi kuliko lililolazimishwa.

Msimamo wetu uko karibu na wa John Martin Fischer na Mark Ravizza, waliouandika mwaka 1998. Swali la kuuliza ni kama utaratibu uliozaa tendo unaziona sababu na unazijibu. Mtu ambaye angeacha kama angeona kuna mtoto ndani ya nyumba anayotaka kuichoma ana utaratibu unaofanya kazi. Kuwa na chanzo peke yake hakumwondolei mtu lawama. Kinachomwondolea ni chanzo kilichouvunja uwezo huo.

Assalamu alaikum. Sisi tunaamini kadari. Kama tendo langu lilikwisha andikwa, kwa nini niulizwe Siku ya Kiyama?
*Msomaji, Unguja*

Waalaikumu salamu. Swali lako liliwagawa Waislamu tangu karne za kwanza. Jahm ibn Safwan, aliyeuawa karne ya 8, anahesabiwa miongoni mwa Jabria, waliosema mja hulazimishwa: mja hana tendo ila kwa maneno tu, kama tunavyosema jua limechwa. Upande wa pili kundi la wanazuoni walioitwa Muutazila walisema mja huziumba amali zake mwenyewe, la sivyo adhabu ya Mungu isingekuwa ya haki. Abul-Hasan al-Ash'ari, wa karne ya 10, alipita katikati kwa fundisho la kasb: Mungu huliumba tendo, mja hulichuma. Alielekeza kwenye jambo ambalo kila mtu analijua mwilini mwake: mkono unaotetemeka kwa ugonjwa na mkono ulionyanyuliwa kwa kusudi havifanani, ingawa vyote viwili vimeumbwa. Wanazuoni wa Ibadhi nao husema tendo huumbwa na Mungu na kuchumwa na mja.

Wakosoaji waliuliza kuchuma huko kunaongeza nini ikiwa uwezo wenyewe wa kuchuma umeumbwa, na ni swali zito ambalo hatutalimaliza hapa. Ila kwa maisha ya kila siku, Hadithi ya khalifa Umar ibn al-Khattab iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari inatosha kukata tabia ya kujificha nyuma ya kadari. Alipokuwa njiani kwenda Sham (eneo la Syria) alipata habari za tauni, akaamua kurudi. Swahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akamuuliza: ukiwa na ngamia kwenye bonde lenye ukingo mmoja wa majani na mwingine mkavu, si popote utakapowalisha umewalisha kwa kadari? Kuandikwa kwa jambo hakukumwondolea kazi ya kuchagua ukingo.

Kijijini kwetu kuna mambo mawili. Mmoja alimkata jirani panga akiwa amechanganyikiwa. Ni mgonjwa wa akili na hospitali inamjua. Mwingine alifanya vivyo hivyo akiwa amelewa gongo. Wazee wanasema wote wawili "hawakuwa wenyewe". Ni sawa?
*Msomaji, Tabora*

Si sawa, na sheria ya Tanzania inawatenganisha kwa sababu ambazo mwanafalsafa angezikubali.

Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinamwondolea mtu jinai ikiwa, kwa ugonjwa ulioathiri akili yake, wakati ule ule wa tendo hakuweza kuelewa anachofanya, au hakuweza kutambua kuwa hapaswi kulifanya, au hakuwa na udhibiti wa tendo lake. Hilo la tatu litazame vizuri. Kanuni za M'Naghten za Uingereza za mwaka 1843, ambazo ndizo mzizi wa sheria zetu, ziliuliza juu ya kujua tu. Kifungu cha 12 cha Kenya nacho kinataja kuelewa na kujua, hakitaji udhibiti. Lakini mtu anaweza kujua kabisa kuwa anakosea na bado ugonjwa ukawa umemnyang'anya breki.

Wengi hushindwa kwa kudhani cheti cha hospitali kinamaliza kesi. Sheria huanza kwa kumhesabu kila mtu kuwa ana akili timamu, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo uko kwa mshtakiwa, kwa kiwango cha "inaelekea zaidi kuwa kweli". Ugonjwa wa mwaka jana hautoshi. Swali ni hali yake saa ile. Kwa hiyo familia ikusanye mapema: kadi ya kliniki na tarehe za dawa, majirani waliomwona siku hiyo na siku mbili tatu kabla, alisema nini, alilala au hakulala, na baada ya tendo alikimbia na kuficha panga au alibaki palepale. Kuficha panga huonyesha alijua ni kosa. Mwombeni wakili aiombe mahakama uchunguzi wa daktari wa akili mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Mlevi yuko chini ya kifungu cha 14. Ulevi si utetezi, isipokuwa hakujua anachofanya au kwamba ni kosa, na zaidi ya hapo ama alileweshwa bila ridhaa yake kwa hila au uzembe wa mwingine, ama ulevi umemfikisha kwenye wazimu. Mahakama hata hivyo inaweza kuuangalia ulevi inapopima kama alikuwa na nia ambayo bila hiyo kosa halikamiliki.

Kwa nini tofauti hii ni ya haki? Kwa sababu lawama hufuatwa nyuma hadi pale mtu alipokuwa bado na uwezo. Mwaka 1956 Mahakama ya Rufaa ya New York ilipokea kesi ya dereva mwenye kifafa aliyeshikwa na degedege barabarani na kuua watoto wanne. Wakati wa degedege hakuwa na udhibiti wowote. Mahakama ilisema shtaka linaweza kusimama, kwa kuwa alijua hali yake na bado alishika usukani peke yake. Mnywa gongo anayejua kwamba akilewa hupigana yuko mahali hapo hapo. Na mgonjwa wenu? Ulizeni kwanza kama aliacha dawa kwa hiari akiwa timamu, au duka la dawa halikuwa nazo, au ni ugonjwa wenyewe uliomshawishi kuwa dawa ni sumu. Majibu haya matatu yana uzito tofauti kabisa, na wazee wasitoe neno kabla ya kuyapata.

Kijana aliyekulia jalalani, akafundishwa wizi akiwa na miaka saba, tunamwadhibu kwa haki gani?
*Msomaji, Nairobi*

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, alilishika swali lako mwaka 1976 na kujibu kwamba uhalifu huzalishwa na nguvu za kijamii, hivyo kumwadhibu mtu mmoja mmoja huku nguvu hizo zikiachwa ni kupoteza lengo. Alitaka tiba mahali pa adhabu. Mwanafalsafa Galen Strawson anakwenda mbali zaidi: ili uwajibike kikamilifu ungepaswa kuwa umejiumba ulivyo, na hakuna aliyejiumba. Mwenzake Derk Pereboom anakubali, akapendekeza tumshughulikie mhalifu wa hatari kama mtu wa karantini, yaani mgonjwa anayetengwa asiambukize wengine: azuiliwe kwa kadiri ya hatari tu, na kwa utu.

Tunakubaliana nao kwamba kumtesa mtu ili tu aumie hakuna msingi. Hatukubaliani kwamba lawama yote iondoke. Karantini haina kikomo cha haki: anayehesabiwa wa hatari anaweza kufungiwa miaka mingi kwa kosa dogo, au hata kabla hajakosa. Kipimo cha "anastahili kiasi gani" ndicho humlinda kijana huyo asifungwe kupita kosa lake. Na kumwambia hawezi kulaumiwa ni kumwambia pia hawezi kuaminiwa.

Malezi yake yapewe uzito pale yanapofaa zaidi, kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, hata aliyepatikana na hatia ya mauaji halazimiki kuhukumiwa kifo, na mahakama hupima umri, kama ni kosa la kwanza, tabia, majuto na uwezekano wa kurekebika. Wakili asiishie kusema "alilelewa vibaya". Alete ripoti ya afisa wa probesheni, kumbukumbu za shule au za makao ya watoto, na mtu aliye tayari kumpokea kazini. Kuhusu umri aliotaja msomaji: tangu Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto wa Kenya aliye chini ya miaka 12 hana jinai, na chini ya 14 huchukuliwa hawezi kupambanua jema na baya hadi ushahidi uonyeshe vinginevyo. Tanzania mstari wa kwanza ni miaka 10, na kati ya 10 na 12 upande wa mashtaka lazima uthibitishe kuwa alijua hapaswi kutenda.