Maswali yenu: mgonjwa wa akili na chumba chake

Wiki hii mengi yametoka hapahapa Tanga, nimechukua manne.

Mdogo wangu analala barazani Ngamiani, tukimrudisha nyumbani anatoroka. Si apone kwanza ndo tumtafutie chumba?

Hapana dada'angu, hapo ndo wengi tunakosea. Dozi inataka utulivu, sasa mtu yuko nje, mvua yake, mgambo wake, vidonge vinaibiwa pamoja na kijimfuko chake, atapona saa ngapi? Mwaka 1992 kule New York mwanasaikolojia mmoja, Sam Tsemberis, aligeuza mambo: mtu anapewa chumba na funguo kwanza, hakuna cha acha pombe kwanza wala meza dawa kwanza, ila akubali kutembelewa, nesi na watu wa ustawi wanamfata kwake. Kanada nao wakajaribu miji mitano kuanzia 2009, watu zaidi ya 2,000, na waliopewa chumba walidumu ndani kuliko wenzao ambao mradi haukuwapa. Alafu muulize mdogo wako anakimbia nini, maana mi nahisi sio nyumba anayoikimbia, ni kule kufungiwa mlango kwa nje.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na akijua ni mgonjwa atamtoa.

Usimfiche, siku akizidiwa itakuwa balaa mara mbili. Mwambie kodi nalipa mimi, namba yangu hii, ukimsikia anaongea peke yake usiku nipigie mimi usiite watu. Wengi wanachoogopa ni kuachiwa mzigo peke yao tu. Akikataa basi chumba cha uani kwa ndugu, ila funguo akae nayo mgonjwa mwenyewe!

Tumpeleke Lutindi akae hukohuko?

Lutindi, ile ya Korogwe, ni hospitali ya siku nyingi na mkimpeleka sawa. Swali langu ni siku akiruhusiwa anarudi wapi, kwasababu wengi wanarudi wanakuta chumba chao kashapewa binamu na godoro limegawiwa, mwezi haujaisha yuko stendi tena.

Bibi anasema kachezewa, tumemnywesha kombe, dawa za hospitali tuache?

Kisomo endeleeni nacho, dozi msikate. Kama vidonge vinamshinda waulizeni kliniki ya akili kuhusu sindano, kuna zinazochomwa mara moja kwa wiki kadhaa. Na minyororo, kama ipo, ifungueni leo.