Usiache kazi kwa ajili ya riwaya

Mdogo wangu, unauliza uache kazi ya usafi hapo Manchester ukae uandike riwaya, mi nakwambia usiache kwanza. Mcheki mwandishi Abdulrazak Gurnah, katoka Zanzibar ana miaka 18 hivi baada ya mapinduzi, kafika Uingereza kafanya kazi hospitalini, akasoma, riwaya ya kwanza imekuja kutoka 1987 keshakaribia 40 na tayari anafundisha Chuo Kikuu cha Kent. Nobel ya fasihi yenyewe kapata 2021, kashastaafu! Kwa hiyo kodi ilipwe na mshahara, we andika usiku kidogo kidogo, wachapishaji wakikukataa (na watakukataa tu) tuma kwingine. Ila usiandike kuwaridhisha Wazungu bwana, tafuta Peponi, ile riwaya yake Paradise iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, usome kwanza.