Unniyappam kwa chuma cha vitumbua: mbona zinanywa mafuta?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Naishi Muscat na jirani yangu ni mama wa Kerala, kusini mwa India. Kila akikaanga unniyappam alasiri, vile vitafunio vyao vitamu vya mchele, sukari guru na ndizi, hunitilia sahani, na watoto wangu sasa hawataki kingine na chai ya maziwa. Nimejaribu mwenyewe kwa chuma cha vitumbua nilichokuja nacho kutoka Unguja. Niliroweka vikombe viwili vya basmati, nikasaga hadi ikawa laini kabisa, nikatia vikombe viwili na nusu vya sukari guru iliyoyeyushwa, ndizi nne kubwa, kijiko cha chai cha hamira na kijiko cha chai kizima cha soda ya kupikia. Nikaacha saa moja iumuke, nikachoma kwa kijiko kimoja cha mafuta kila tundu, moto mkali. Nje zilikuwa nyeusi, ndani mbichi. Ukiibonyeza inatoa mafuta. Zilizobaki, asubuhi yake zilikuwa ngumu hata paka hakuzitaka. Jirani nimemuuliza vipimo, anasema yeye hukadiria kwa jicho. Nakosea wapi? Na lazima ninunue chuma chao?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Chuma chako kiache kilipo, hakina kosa. Appakara, chuma wanachokitumia Kerala, nacho ni kikaango chenye matundu ya duara, na kinachotakiwa ni kiwe kizito ili kisipoteze joto kila unapomimina. Cha kwako kama ni kile cha kale cha chuma cha kumimina, umeshapata. Vile vyepesi vya alumini ndivyo vinavyoleta tabu.

Tatizo ni kwamba umepika vitumbua vyenye sukari guru. Kitumbua huumuliwa kwa hamira, huwa na sukari ya wastani, na huiva kwa kijiko cha mafuta pembeni kwa sababu chuma chenyewe ndicho kinachokipika. Unniyappam haiumuliwi kwa hamira, ina sukari nyingi sana, na hupikwa na mafuta. Ukiyachanganya mambo haya mawili unapata hasa hayo uliyoyaeleza: nyeusi nje, mbichi ndani, mafuta tele.

Tuanze na sukari, maana hapo ndipo ulipoharibikiwa zaidi. Vikombe viwili na nusu vya sukari guru iliyokunwa vina uzito unaokaribia nusu kilo. Mchele wako vikombe viwili ni kama gramu 400. Yaani sukari imeuzidi mchele! Wanga wa mchele ili ushikane unahitaji maji na joto, na sukari hugombania maji hayohayo na kulazimisha wanga usubiri joto kubwa zaidi ndipo ugande. Kwa hiyo unniyappam yako inakaa kwenye mafuta muda mrefu ikiwa bado haijashikana, na kitu ambacho hakijashikana kina njia wazi kila upande za kupitisha mafuta. Wakati huohuo nje inaungua. Sukari guru si sawa na sukari nyeupe. Ndani yake mna glukosi na fruktosi, na ndizi inaongeza nyingine. Fruktosi huanza kubadilika rangi karibu na nyuzijoto 110 za Selsiasi, na mafuta ya kukaangia yako juu kabisa ya hapo. Kwa mchele wa gramu 400 tia sukari guru gramu 270 hadi 290, basi. Watoto watasema haikukolea? Hawatasema. 

Ndizi nayo umezidisha. Ndizi nne kubwa za dukani zikishamenywa zinafika karibu nusu kilo, na kazi yake humu ni ndogo tu: kulainisha, kushika unyevu na kutoa harufu. Kerala hutumia ndizi ndogo zenye uchachu kidogo, kama ile wanayoiita palayankodan, na hapo Muscat maduka ya Wamalayali, yaani watu wa Kerala, huziuza. Tatu za namna hiyo zinatosha. Ukikosa, chukua ndizi kubwa moja na robo, iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, uiponde vizuri. Ikizidi hapo unapata kitu kizito, chenye unyevu, kinachotoka mafuta ukikigusa.

Hamira itoe kabisa. Soda ibaki, lakini robo ya kijiko cha chai, na uitie mwisho, dakika chache kabla ya kukaanga. Sukari guru na ndizi zina asidi kidogo, soda ikikutana nazo hutoa mapovu papo hapo; ukiitia mapema mapovu yote yamekwisha kabla mafuta hayajachemka. Kijiko kizima ndicho kilichokutobolea unniyappam zako matundu mengi, na kila tundu ni kikombe cha mafuta. Pia soda nyingi hufanya rangi iwe nyeusi haraka na kuacha ladha ya sabuni nyuma ya ulimi.

Kuhusu mchele sina maneno mengi: basmati iweke kwa ajili ya biriani. Wanga wake una sehemu kubwa ya ile aina inayokauka na kukaza ukipoa. Nunua mchele mweupe wa kawaida, usiochemshwa kabla, ule unaouzwa kwa jina la pachari. Uroweke saa 4, uchuje hadi maji yakome kudondoka, kisha usage kwenye blenda pamoja na shira ya sukari guru iliyopoa ikawa vuguvugu. Usitie maji mengine mpaka uone yanahitajika. Na usisage hadi ukawa laini kabisa. Chukua kidogo katikati ya vidole: unataka usikie chembechembe ndogo, kama suji laini. Chembe hizo ndizo zinazofungua mwili wa unniyappam na kuipa utafunaji wake. Unga laini kabisa hutoa ngozi ya mpira nje na uzito ndani.

Shira yenyewe: sukari guru gramu 280, maji robo tatu ya kikombe, weka kwenye moto mdogo hadi iyeyuke tu. Usiipike mpaka ivute nyuzi, hiyo ni kazi ya adhirasam ya Watamil, pishi jingine lenye matatizo yake. Ichuje kwa kitambaa, maana vibonge vya sukari guru mara nyingi vina mchanga na vipande vya miwa. Na iache ipoe. Shira ya moto ikikutana na mchele uliosagwa huanza kuupika palepale, unapata mabonge ambayo huwezi kuyaondoa.

Nazi ikate vipande vidogo vya nusu ukucha, robo kikombe au zaidi kidogo, uvikaange kwenye samli mpaka viwe vya dhahabu. Hapa usinitilie nazi iliyokunwa, hata kama mkono umezoea. Tia na samli yake kwenye rojo, pamoja na ufuta mweusi kijiko kimoja cha chakula, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, tangawizi kavu kiasi hicho hicho, na chumvi kidogo. Wengine hutia bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Mimi naipenda, lakini watoto mara nyingi huilalamikia.

Kisha liache rojo lipumzike. Saa moja haitoshi kitu. Kerala huliacha saa 6 hadi 8 au usiku kucha, chembe za mchele zinywe maji mpaka katikati na uchachu mdogo uanze. Muscat wakati wa joto, saa 4 zatosha, au uliweke chumba chenye kiyoyozi. Likishapumzika litakuwa limekaza. Uzito unaoutaka umezidi kidogo ule wa vitumbua: likimiminwa kutoka upawani lishuke taratibu bila kukatika, na lisitiririke. Limekaza mno, ongeza maji vuguvugu kijiko kimoja kimoja. Limelegea, ongeza unga wa mchele au suji kijiko, ungoje dakika 20. Huyo jirani anayekadiria kwa jicho hana siri nyingine zaidi ya hii, kwa hiyo mwombe siku moja umwone akimimina.

Sasa moto. Mafuta ya nazi ndiyo yenye ladha yake, na wengi huyachanganya na samli. Ujue tu kwamba mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 175, na sisi tunakaangia kati ya 160 na 170. Nafasi ni ndogo. Kama huna kipimajoto, dondosha tone la rojo: lizame, lisubiri kidogo, kisha lipande likizungukwa na mapovu. Likipanda mara moja na kubadilika rangi, punguza moto. Likilala chini, ngoja.

Jaza mafuta hadi nusu ya kila tundu. Ndiyo, nusu. Najua mkono unakataa, kwa sababu umezoea kijiko kimoja, na inaonekana kama unaongeza mafuta ili kuondoa mafuta. Lakini mafuta machache hupoa mara rojo la baridi linapoingia, na rojo lililolala kwenye mafuta yaliyopoa hunywa. Mafuta yakiwa ya kutosha, rojo linazungukwa na joto pande zote, maji ya ndani yanageuka mvuke na kutoka nje kwa nguvu, na mvuke huo ndio unaoyazuia mafuta yasiingie. Mimina rojo mpaka tundu likaribie kujaa. Ukingo ukishakaza, kama dakika 2, geuza kwa kijiti cha mshikaki. Moto uwe wa kati unaoelekea mdogo tangu mwanzo hadi mwisho. Moja huchukua dakika 4 au 5. Choma katikati kwa kijiti: kikitoka kikavu, imeiva. Kila mkupuo ongeza mafuta na uyangoje yarudi kwenye joto lake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mafuta mengi huingia baada ya kitafunio kutolewa kikaangoni. Kikianza kupoa, mvuke ulioko ndani hugeuka maji, nafasi yake inabaki tupu, na mafuta yaliyonata juu ya ngozi huvutwa ndani. Kwa hiyo ukiinua unniyappam, ikung'ute juu ya chuma, kisha uiweke kwenye chujio lenye nafasi chini. Usizirundike juu ya tishu bapa. Zikilala pamoja, ya juu huitilia mafuta ya chini, na zote hutoa jasho.

Kaanga moja peke yake kabla hujaendelea. Ikimeguka au kutawanyika kwenye mafuta, sukari imezidi au rojo limelegea: unga wa mchele kijiko kimoja au viwili. Ikiwa ngumu na nzito, kipande cha ndizi kilichopondwa. Ikipasuka juu kama yai, moto ni mkali.

Huko Kerala, kwenye hekalu la Ganapathi, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, lililopo Kottarakkara, wilaya ya Kollam, unniyappam ndiyo sadaka inayojulikana kuliko zote, na wanaozuru huondoka nazo kwenda nazo nyumbani. Huliwa pia kwenye sikukuu za Kerala za Vishu na Onam, na jioni yoyote ya chai bila sababu. Kwa hiyo imezoea kukaa na kusafiri. Unniyappam nzuri siku ya kwanza ina ukingo mkavu, na ya pili unyevu wa ndani umesambaa, imelainika zaidi. Zako zilikaza kwa sababu ya basmati, na nadhani pia uliziweka kwenye friji. Wanga uliopikwa hukaza haraka zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mahali pengine popote. Ziache zipoe kabisa, uzifunike kwenye chombo nje ya friji, siku 2 au 3 kwa joto la huko. Zikizidi idadi, zigandishe siku hiyohiyo kwenye friza, na ukizitaka zipashe kwa mvuke dakika chache mpaka katikati iwe moto.