Mtoto wa miaka 4 ana kilo 20, kadi ya kliniki inasonyesha yuko sawa

Swali: Mwanangu wa kiume katimiza miaka 4, ana kilo 20 na urefu sm 103. Kwenye grafu ya kadi yuko sawa, bibi yake anasema hiyo ndo afya, ila mwalimu wake wa chekechea kaniambia amenenepa. Nimpunguzie chakula? (Mama wa Temeke)

Jibu: Mama, umefanya vizuri kumpima na urefu, wazazi wengi wanaishia kwenye kilo tu. Grafu uliyoangalia inalinganisha uzito na umri, na humo kilo 20 haijavuka mstari wa juu, kwa hiyo kadi haijakudanganya, ila yenyewe kazi yake kubwa ni kunasa mtoto aliyepungua. Unene tunauangalia kwa uzito kwa urefu. Mtoto wa kiume wa sm 103 wastani wake ni kilo 16 na kitu, huyu wako kwa viwango vya WHO kashapita +2 (mstari wa pili juu ya ule wa wastani kwenye jedwali), yaani ana uzito uliozidi, bado hajafika +3, mstari wa tatu, ambako ndo tunasema kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Akishatimiza miaka 5 tunahamia BMI (kilo ukigawanya kwa urefu wa mita mara mbili) kwa umri na huko +1 tu tayari ni uzito uliozidi, so usingoje akue "atapungua mwenyewe".

Kumpunguzia chakula hapana. Bado anarefuka, tunachotaka kilo zisimame au zipande taratibu mpaka urefu uzifikie. Ugali, maharage, dagaa, mchicha, tunda, aendelee navyo. Kata sukari ya kunywa: soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari gramu 35 mpaka 40, na mtoto wa umri huu kwa siku nzima haitakiwi izidi thelathini na kitu, hapo hujagusa chai wala uji. Juisi za boksi nazo ni walewale, picha ya embe isikuzuge. Muulize bibi na dada wa kazi mchana anapewa nini ukiwa hupo, ila uliza kwa upole maana ukifoka utafichwa (hili naliona sana).

TV na simu isizidi saa 1 kwa siku, usingizi masaa 10 mpaka 13, muda uliobaki acha akimbie nje.

Baada ya miezi 3 mrudishe kliniki, uombe wampime urefu pia na wasome jedwali la uzito kwa urefu. Kama anakoroma usiku au anahema kwa shida akilala, usisubiri hiyo miezi, mpeleke kwa daktari.