Kabla ya Kuilaumu Kamera, Ishike Betri

Kila Desemba, harusi zinapofuatana kutoka Kisumu hadi Kakamega, vijana tunaofanya nao kazi hunijia na malalamiko yaleyale: kamera imezima maharusi wakivishana pete, betri ilikuwa imejaa, basi kamera imeharibika. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Kamera ndiyo ya kushukiwa mwisho.

1. Badilisha kitu kimoja tu, kisha ujaribu tena. Azima betri nzima ya mwenzako. Kamera ikiwaka, ugonjwa uko kwenye betri yako au chaja yako. Wengi hubadilisha betri, kadi na lenzi kwa pamoja, na hawajui hata kilichowaokoa.

2. Alama ya betri kwenye skrini si ushahidi. Betri nyingi za kamera zetu zina seli mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, jumla yake volti 7.2, na zikijaa hufika 8.4. Betri iliyochakaa yaweza kuonyesha 8.4 hiyohiyo ikiwa imetulia, lakini kwa kuwa ukinzani wake wa ndani, yaani kizuizi cha umeme ndani yake, umeongezeka, volti huporomoka mara lenzi inapolenga na shata kufyatuka, na kamera hujizima. Ikiwa unatazama picha za zamani bila tabu lakini kamera huzima unapopiga mpya, betri imezeeka. Anayepiga picha za ndege alfajiri kule Ziwa Nakuru ataona dalili kama hizo kwa sababu ya baridi tu. Aitie betri mfukoni ipate joto la mwili.

3. Futa vibamba vya betri, vile vipande vya chuma vinavyopitisha umeme, kwa kitambaa kikavu, hasa ukitoka ziwani huko kwenye vumbi la magadi.

4. Betri iliyovimba isiingie kwenye kamera. Iweke juu ya meza iliyo sawa, ikiyumba, imekwisha. Hapa naomba mnisikilize, maana upumbavu huu niliufanya mwenyewe. Nilikuwa na mazoea ya kuchaji betri zote mpaka zijae, kisha kuziacha ndani ya gari juani, nikijiona mtu aliyejiandaa. Betri iliyojaa ikikaa kwenye joto kali, kemikali zake huchanganuka polepole na kutoa gesi ambayo haina pa kutokea. Asubuhi ya harusi moja Kakamega nilihisi betri ikiingia kwa kukwaruza, nami nikaisukuma kwa kidole gumba mpaka kifuniko kikafunga. Ilifanya kazi hadi wakati wa keki, ikapata moto, ikavimba zaidi na kukwama. Betri nyingine nzima zilikuwa mfukoni bila pa kuziweka, na mama wa bibi harusi alikuwa akinitazama. Nikaomba kisu cha keki. Mzee aliyekuwa akisimamia jenereta akanishika mkono na kusema, «Kijana, weka hicho kisu chini,» na namshukuru mpaka leo, kwa sababu ncha ya kisu ikitoboa seli, matabaka ya ndani hugusana na moto hulipuka papo hapo. Picha za keki zilipigwa kwa simu za wageni. Fundi wa Kisumu aliifungua kamera kutoka chini, akaitoa betri, na bei aliyonitoza ilikaribia malipo yote ya harusi ile, ambayo nilipewa nusu, tena kwa huruma.

5. Betri ambayo hutaitumia kwa muda ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu, kivulini.

6. Ukipanda ndege kwenda Nairobi, betri za akiba huenda nawe ndani, vibamba vyake vikiwa vimefunikwa, wala si kwenye mzigo unaokabidhiwa.

7. Andika namba na mwaka wa kununua kwenye kila betri. Atakayeniletea mfuko wa betri zinazofanana, akisema mojawapo ndiyo mbaya lakini hakumbuki ni ipi, nitamrudisha nayo nyumbani akaitafute kwanza.