Mtindi wa kugandisha na siagi ya karanga: nawajibu wasomaji wa Tanga

Hivi karibuni nilieleza kitafunio kisichohitaji jiko wala oveni: mtindi mzito unachanganywa na siagi ya karanga na asali kidogo, unatandazwa kwenye trei, unaingia friza, kisha unavunjwa vipande na kuliwa ungali baridi. Maswali yamekuja mengi, na nimefurahi kuona mengi yanatoka hapa hapa Tanga. Vitu vyake vyote tunavyo. Maziwa tunayo, nazi na korosho tunazo, machungwa yanashuka kutoka Muheza, iliki inatoka Usambara, na jua la Januari halimwachi mtu asitamani kitu cha baridi.

Shikamoo. Nilifuata maelekezo, lakini vipande vyangu vimetoka vigumu mno. Ukitafuna ni barafu tupu inavunjika mdomoni, ladha ya mtindi huisikii. Tatizo ni friza yangu? (Mama wa watoto watatu, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Friza yako haina kosa. Tatizo ni maji, na karibu kila swali nililopokea safari hii linarudi huko huko.

Mtindi wa kawaida sehemu yake kubwa ni maji. Ukiugandisha ulivyo, maji yale yanajitenga na kuwa punje kubwa za barafu, na ndizo zinazogonga meno. Dawa yake ni kuuchuja. Chukua kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa vizuri na kusuuzwa hadi kisinuke sabuni, kitandike kwenye chujio, weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, funika, ingiza kwenye friji. Uache kwa saa 4 hadi 6, au usiku kucha. Lita moja itakuachia takribani nusu lita ya mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko. Maji yatakayobaki kwenye bakuli usiyamwage: kandia chapati au unga wa maandazi, utaona unga unavyolainika.

Sasa vipimo. Vikombe viwili vya mtindi uliochujwa, vijiko vinne vikubwa vya siagi ya karanga, vijiko viwili au vitatu vya asali, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, iliki iliyosagwa kidogo. Onja kabla hujagandisha, na mchanganyiko uusikie umezidi utamu kidogo, maana baridi hupunguza utamu ulimini. Usiiondoe asali yote ukidhani unajinusuru. Sukari ya aina yoyote huzuia sehemu ya maji isigande, na mafuta ya karanga husaidia kipande kiwe laini. Ukivikosa vyote viwili unarudi kwenye barafu.

Tandika trei kwa karatasi ya kuokea, paka mchanganyiko unene wa sentimita moja, usizidi hapo. Juu yake nyunyiza korosho zilizopondwa, au nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu mpaka ibadilike rangi, au ganda la chungwa lililoparuzwa juu juu, ile sehemu ya rangi tu, ile nyeupe ya ndani ni chungu. Saa 3 hadi 4 inatosha. Ukitoa, subiri dakika tano ndipo uvunje.

Nitumie mtindi gani? Wa pakiti, au huu wa maziwa ya ng'ombe wa jirani? (Msomaji, Mabanda ya Papa)

Wowote, ila soma na uonje. Ule mwembamba wa kunywa utauchuja kwa muda mrefu na utapata kidogo. Yogati nzito isiyo na ladha ndiyo rahisi kuliko zote. Zile za stroberi na vanila zina sukari tayari, kwa hiyo asali punguza.

Maziwa ya jirani ni mazuri, lakini yachemshe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya kutupa mimba na hata kifua kikuu, na friza haiviui, inavilaza tu. Chemsha, acha yapoe hadi ukitia kidole kisafi unasikia uvuguvugu bila kuungua, hapo ni kama nyuzi 43 hadi 45. Koroga vijiko viwili vya yogati isiyo na ladha kwa kila lita, funika, vingirisha sufuria kwenye kanga nzito au blanketi, usiisogeze kwa saa 6 hadi 8. Ikishaganda, ipoze kwenye friji kabla ya kuichuja.

Siagi ya karanga ya dukani ni ghali, na mashine sina. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Kinu kipo nyumbani kwenu au kwa jirani, na hicho kinatosha. Ila tuanze sokoni, kwenye kuchagua karanga, maana hapo sitaki mtu apapase.

Karanga zilizokaa kwenye unyevu huota ukungu unaotengeneza sumukuvu. Sumu hii inaharibu ini, na aliyekula kidogo kidogo kwa miaka yuko katika hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na karanga ni katika mazao yanayoshambuliwa sana na ukungu huo huo. Kukaanga hakuimalizi. Kugandisha ndiyo kabisa. Kwa hiyo mwaga karanga zako kwenye ungo, kaa penye mwanga, uzichambue kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au jeusi, iliyotobolewa, yote toa. Usimpe kuku pia. Ukionja moja ikawa chungu, iteme, na fungu ukiliona lina nyingi za namna hiyo lirudishe. Bei ya chini isikuhadae. Na hii hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo karanga zako zikae kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, usinunue za miezi sita.

Baada ya hapo kazi ni ya raha. Kaanga kwa moto mdogo kwenye sufuria kavu, ukigeuza bila kuacha, mpaka ngozi inabanduka ukisugua na ndani pana rangi ya hudhurungi hafifu. Sugua, pepeta, na uzitwange zingali na joto, kwa sababu joto ndilo linalotoa mafuta. Kwanza utapata unga. Endelea. Unga utashikana donge, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakatia maji. Usitie maji! Hata kinu chenyewe kiwe kikavu. Tone la maji linaifanya siagi ishikane na kukakamaa, na itachacha upesi. Twanga tu, donge litalainika, mafuta yatajitokeza pembeni ya mchi, na utaona siagi inang'aa. Tia chumvi kidogo. Kama mkono umechoka, kijiko cha mafuta ya nazi au ya karanga kinaruhusiwa.

Mashine za kusagia karanga sokoni nazo ni nzuri, lakini muulize mwenye mashine kilichosagwa kabla yako. Siagi yenye harufu ya pilipili haifai kwa mtindi.

Korosho zinatwangwa vivyo hivyo, na siagi yake ni laini na tamu kuliko ya karanga. Nunua vipande vilivyovunjika, bei yake ni nafuu, na kwenye kinu vitavunjika tu.

Mimi sina friji kabisa. Haya mambo ni ya wenye uwezo? (Kijana wa Ngamiani)

Hapana, kaka. Watu waligandisha maziwa kabla ya friji ya umeme kuwapo, kwa barafu na chumvi, na vyote viwili ni rahisi kupata katika mji wa wavuvi kama huu.

Tafuta barafu ya mapande, hata ile ya kuhifadhia samaki, maana haitagusa chakula. Iponde. Tafuta chumvi ya mawe, ile ya bei ya chini isiyosagwa. Kwa kilo tatu za barafu tumia kilo moja ya chumvi. Chukua ndoo au beseni refu, weka tabaka la barafu, tabaka la chumvi, kisha simamisha katikati sufuria nyembamba ya alumini yenye mtindi wako, iliyofunikwa vizuri. Zungushia barafu na chumvi mpaka karibu na ukingo wa sufuria, usifike kwenye mfuniko. Funika ndoo nzima kwa gunia.

Chumvi inailazimisha barafu kuyeyuka, na barafu ikiyeyuka inavuta joto kutoka kwa kilicho karibu, yaani sufuria yako. Maji yale ya chumvi yanashuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, bila yenyewe kuganda. Kila baada ya dakika tano futa mfuniko, fungua, kwangua mtindi ulioshika pembeni, uurudishe katikati, koroga kwa nguvu. Kukoroga huku kunavunja punje za barafu zingali changa, na ndiyo maana mtindi wa ndoo mara nyingi hutoka laini kuliko wa friza. Nusu saa hadi dakika arobaini utakuwa na kitu kizito cha kuliwa kwa kijiko.

Mambo mawili uyaangalie. Usishike barafu yenye chumvi kwa mikono mitupu kwa muda mrefu, inaunguza ngozi kwa baridi. Na ukifungua mfuniko, usiruhusu hata tone la maji yale kuingia, yatakuharibia sufuria nzima.

Siku ambayo barafu haipo, tengeneza vidonge vya tende na korosho: tende laini zisizo na kokwa, vikombe viwili, na korosho zilizokaangwa, kikombe kimoja. Twanga pamoja, viringisha, gaagaza kwenye nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu. Havihitaji baridi, na Ramadhani utashukuru kuwa navyo mezani.

Je, naweza kumpa mtoto wa miezi tisa? (Mama mdogo, Usagara)

Ondoa asali kabisa. Mtoto asipewe asali mpaka atimize mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambao tumbo lake haliwezi kupambana nao. Tumia ndizi mbivu iliyopondwa badala yake. Karanga nzima au vipande vyake asipewe kabla ya miaka mitano, zinapalia. Siagi laini iliyochanganywa vizuri na mtindi inafaa, ila anza na kiasi cha ncha ya kijiko, mchana, ukiwa naye. Akitoka vipele, akivimba midomo, akitapika au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali saa ile ile. Na usimpe kipande kigumu kilichotoka friza, kiache kilainike kwanza.

Umeme ukikatika nitupe vyote? (Msomaji, Raskazone)

Usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, sehemu ya friji ya kawaida saa 4 tu. Nafasi tupu zijaze chupa za maji, zikishaganda zinakulindia vingine. Umeme ukirudi, vipande ambavyo bado vina barafu ndani virudishe. Vilivyoyeyuka na kupata joto zaidi ya saa 2, na kwa joto letu mimi nasema saa 1, tupa bila huruma. Vilivyorudishwa vitakuwa na punje kubwa kuliko mwanzo, kwa hiyo vipige kwenye brenda na maziwa, unywe.

Baba yangu ana kisukari na anapenda sana vitu vya baridi. Namfanyia nini? (Binti, Muheza)

Umefanya vyema kumfikiria, binti yangu. Kwanza tuwekane sawa: asali ni sukari, tende ni sukari, na hata mtindi usiotiwa kitu una sukari yake ya maziwa. Kwa hiyo kipimo ni lazima, na anayejua dawa anazotumia ni daktari wake, muulizeni.

Yeye mtengenezee mtindi uliochujwa sana, usiku mzima, pamoja na siagi ya karanga uliyoitwanga mwenyewe, maana nyingi za dukani zina sukari. Ladha aipate kwenye iliki, mdalasini na ganda la chungwa. Nitaongeza kitu ambacho kwa kitafunio hiki nakipenda kuliko vyote: unga wa ubuyu, ule mweupe mtupu. Zile mbegu nyekundu zilizopikwa na sukari tuachie watoto. Kijiko kimoja au viwili kwa kikombe cha mtindi. Una uchachu wa kuamsha ulimi, na una nyuzinyuzi zinazonywa maji na kufanya mtindi uwe mzito, kwa hiyo punje za barafu zinapungua hata bila asali. Kata vipande vya ukubwa wa kiberiti, ale kimoja au viwili, na asile baada ya sahani ya wali.

Nataka kuviuza. Nianzie wapi? (Dada wa Pongwe)

Anza na watu wanaokujua, wakuambie ukweli. Ukikusudia kuuza dukani, nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wakuelekeze namna ya kufika TBS, shirika la viwango, ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Pima afya kama sheria inavyomtaka kila anayeandaa chakula cha kuuza, na kwenye kila kifungashio andika wazi kwamba ndani mna karanga na maziwa.

Vipande vya kuuza uvichovye kwenye chokoleti iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi, kijiko kimoja cha mafuta kwa gramu mia za chokoleti. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yakigusa kipande kilichotoka friza yanashika hapo hapo na kuwa ganda jembamba. Mteja naye anapata nafasi ya kufika nyumbani kabla hakijaanza kudondoka. Vibebe kwenye kikasha cha kuhifadhi baridi chenye chupa za maji yaliyoganda, na usitoke na zaidi ya unavyoweza kumaliza kabla chupa hazijayeyuka.