Mkeo hadeki, mwanangu, anaumwa

Bibi Mkunga anajibu barua za wasomaji

Shikamoo Bibi Mkunga. Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda hapa Korogwe. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji, sasa ni wiki ya tisa. Wakati wa arobaini mama yake alikuwepo, akampikia uji wa pilipili manga na kumlelea mtoto. Tangu aliporudi Kigoma, mke wangu si yule ninayemjua. Halali hata mtoto akilala. Usiku kucha anamwekea mkono puani aone kama anapumua. Mchana analia huku anakoroga uji, nikimuuliza anasema hajui analia nini. Anasema maziwa yake ni maji matupu, na mtoto huyu heri angepata mama mwingine. Mama yangu anasema ni shetani, twende kwa mganga. Majirani wanasema anadeka. Mimi nimechoka, siku hizi nachelewa kurudi nyumbani makusudi. Nifanyeje?

*Baba wa mtoto mmoja, Korogwe*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Umefanya jambo la maana kuandika mapema.

Naanza na sentensi moja ambayo wewe umeipita haraka, ile ya kwamba mtoto heri angepata mama mwingine. Wewe uliisikia kama lalamiko. Mimi mzazi akinitamkia hivyo, naacha kila ninachokifanya na kuvuta kiti. Mara nyingi nyuma ya maneno hayo yupo mama anayefikiri kwamba nyumba ingetulia yeye asipokuwepo. Kwa hiyo leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, muulize. Ngoja mtoto alale, kaa karibu naye, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Mke wangu, mawazo haya yamewahi kukufikisha mahali ukatamani kufa? Au ukafikiria kumdhuru mtoto?" Watu wanaogopa kuuliza, wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Aliyelibeba peke yake wiki nzima hupata pa kulitua.

Akijibu ndiyo, usimgombeze, usimhubirie dhambi. Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa nyumbani vidonge na dawa za shamba, umpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Fanya hivyohivyo ukiona anasikia sauti ambazo wengine hamzisikii, au anasema mtoto amebadilishwa, au amekaa siku mbili bila usingizi kabisa na maneno yake hayashikani. Hali hiyo ya pili ni nadra, huwapata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini haisubiri kesho.

Unayonieleza kuhusu mkeo yanafanana sana na sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kati ya siku ya 3 na ya 5 wazazi wengi hulia ovyo. Homoni za mimba zimeshuka ghafla, maziwa yanaingia, kidonda kinauma, usingizi hakuna. Hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Mkeo yuko wiki ya tisa na hali inazidi, na hata mtoto akilala yeye hawezi kulala. Alama hiyo naiangalia kuliko machozi. Wala si yeye peke yake: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo inayoongoza.

Sasa kuhusu maziwa. Maziwa yanayotangulia kutoka huwa mepesi, rangi yake kama maji ya mchele; yale mazito hufuata mtoto akiendelea kunyonya titi hilohilo. Chukueni kadi ya kliniki muitazame pamoja. Mstari wa uzito ukiwa unapanda, maziwa yanatosha. Mwonyeshe kwa kidole.

Na mchunguze kwa upole kama kuna mtu aliyemwambia "wewe hukuzaa, ulipasuliwa." Nimesikia kauli hii wodini miaka na miaka, tena kutoka kwa wanawake wenzake, na inaumiza kuliko kidonda chenyewe. Alizaa. Mwambie hivyo wewe uliyekuwa ukingoja nje ya mlango wa chumba cha upasuaji.

Wiki ijayo mtoto ana chanjo ya wiki ya 10. Safari hii mpeleke mwenyewe, uegeshe pikipiki na uingie ndani. Kliniki zetu zina mzani wa kupima mtoto, wa kupima moyo wa mama hauko, basi mama hukaa kwenye benchi, kadi inaandikwa, wanarudi nyumbani. Muuguzi akimaliza na mtoto, sema: "Naomba na mama aangaliwe." Kisha umweleze ulichonieleza mimi, neno kwa neno, na ile sentensi ya mama mwingine usiiruke. Omba wampime wingi wa damu, maana upungufu wa damu baada ya upasuaji huongeza uchovu na huzuni. Kutoka hapo wanaweza kumwandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya au hospitali ya mkoa ya Bombo, Tanga. Najua watu wakisikia afya ya akili wanafikiria Mirembe tu, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Wazazi wengi wenye sonona hutibiwa wakitokea nyumbani, mtoto akiwa kifuani: kuzungumza na mshauri, kulala, na ikibidi dawa. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa mama anayenyonyesha. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, kwa hiyo asizitupe wiki ya kwanza akisema hazifanyi kazi.

Mama yako usigombane naye, hasa mbele ya mkeo. Mwambie: "Mama, dua tufanye, na hospitali twende." Kisha mpe kazi inayoonekana, afue nguo za mtoto, apike mchana. Arobaini ya wazee wetu naipenda kwa sababu ilimlaza mzazi. Shida yake ni siku ya 41, kila mtu anafunga mizigo na mama anaachiwa ndoo, jiko na mtoto kwa pamoja. Kama mama mkwe anaweza kurudi kutoka Kigoma, mtumieni nauli.

Na wewe. Umeandika kuchelewa kwako kwa mstari mmoja, mimi nimeusoma mara mbili. Kina baba nao hupata sonona mtoto anapozaliwa. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta karibu mmoja kati ya 10. Ukiwa huko kliniki, jisemee na wewe. Jioni rudi mapema: mtoto anyonye saa 2 usiku, umchukue, mama alale chumba kingine mpaka saa 6, asiamshwe ila kwa kunyonyesha. Akilia, mbebe, tembea naye uani. Akitaka kunyonya mpeleke, kisha mchukue tena. Usingizi huo wa kila usiku utampa mkeo nguvu ya kuanza kupona, na wewe utazoeana na mwanao.

Bibi, nina mimba ya miezi mitano, na natumia dawa za sonona tangu mwaka jana. Dada yangu anasema niziache zote leo zisimdhuru mtoto. Ni kweli?

*Msomaji, Mbagala*

Usiziache leo, mwanangu. Ukikata ghafla, sonona inaweza kurudi kwa nguvu, na hiyo nayo humdhuru mama na mtoto. Dawa nyingi za sonona daktari anaweza kukuendeleza nazo, au akabadilisha kipimo. Ipo dawa nyingine ya kuangalia kwa makini, *sodium valproate*, ambayo hutolewa kwa kifafa na kwa baadhi ya magonjwa ya akili. Hiyo inajulikana kudhuru mtoto tumboni. Soma majina kwenye pakiti zako. Ukiikuta, nenda kwa daktari wako kesho asubuhi bila kungoja tarehe, wala usiikate mwenyewe. Na kliniki ya wajawazito nenda na pakiti zote mkobani, kwa sababu faili lako la kliniki ya akili huenda wauguzi wa kule hawalioni.